Anwani Kwanza, Godoro Baadaye

Anayepanga pesa za kuhamia nchi nyingine mara nyingi huhesabu hadi siku ya kuanza kazi, kisha hufunga daftari. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilipokuwa Tanga nikijiandaa kwenda Leipzig kusomea uuguzi, mwaka 2023, nilijiambia: nafika katikati ya Agosti, mafunzo yanaanza Septemba mosi, basi nahitaji pesa ya kula na kulala kwa wiki mbili na akiba kidogo. Sikujiuliza swali ambalo hata muuza maandazi hujiuliza kila alfajiri kabla hajawasha jiko: pesa itarudi mkononi siku gani?

Ujerumani mshahara hulipwa kazi ikishafanyika. Katika hospitali za umma huingia siku ya mwisho ya mwezi, na wako waajiri binafsi wanaovuka hadi katikati ya mwezi unaofuata. Ukianza Septemba mosi, senti ya kwanza utaiona tarehe 30, tena kama karatasi zako zilimfikia mhasibu mapema. Zikichelewa, utangojea Oktoba iishe. Wiki zangu mbili zilikuwa sita na nusu.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye viza anayo tayari, mkataba wa kazi au wa mafunzo anao, na pesa aliyonayo ndiyo hiyo hiyo, hana mjomba wa kumwongezea. Najua mko wengi. Madarasa ya Kijerumani ya Dar es Salaam na Nairobi yamejaa wauguzi, mafundi umeme na madereva, na tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya uhamiaji wa kikazi Septemba 2024, simu yangu haitulii. Wanaopiga huuliza kuhusu baridi, huuliza kuhusu ubaguzi, huuliza kama unga wa ugali unapatikana. Wa kuniuliza kuhusu sanduku la barua sijampata bado, na kwangu mimi hilo ndilo lililonigharimu kuliko baridi.

Tuanze nyumbani. Badilisha shilingi zako kabla ya kupanda ndege. Shilingi ya Tanzania au ya Kenya ukiishika Frankfurt ni karatasi yenye picha nzuri tu. Chukua yuro, na sehemu yake iwe noti ndogo ndogo, kwa sababu ukimpa dereva wa basi noti ya mia atakutazama kama umemtukana. Kwenye begi usiweke nyama wala maziwa, hata kama bibi amekukaangia na kufunga kwa upendo: Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza vitu hivyo kutoka kwetu, na forodha watavitupa mbele ya macho yako. Samaki wakavu wa kula mwenyewe hawana shida. Matunda mabichi nayo yana masharti yake, lakini ndizi, nanasi, nazi na tende hupita. Mimi nilipita na kilo tano za sembe zilizosindiliwa katikati ya nguo, na sijajuta.

Usafiri wa kutoka uwanja wa ndege ulinifundisha somo la kwanza. Nilinunua mapema tiketi ya treni ya bei nafuu kutoka Frankfurt hadi Leipzig na nikajiona mjanja. Kumbe tiketi za aina ile hukufunga na treni moja, ya saa moja, siku moja. Ndege ikachelewa, treni ikaondoka, tiketi ikafa. Ya pili niliinunua dirishani kwa bei ya siku hiyo, karibu mara nne ya ile ya kwanza. Kama unataka bei nafuu, acha mwanya wa saa nne au tano baada ya ndege kutua, au panda basi la masafa marefu, ambalo ni polepole lakini mara nyingi ni rahisi. Jitahidi pia usifike Jumamosi usiku. Jumapili maduka karibu yote yanafungwa, isipokuwa machache kama ya stesheni kubwa, na bei za stesheni si za mtu mwenye pesa ya kuhesabu.

Sasa anwani. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa yako inapaswa kwenda, na kwingine kote ndipo pa kubana.

Ujerumani mtu bila anwani iliyoandikishwa hajafika. Sheria inakutaka ujiandikishe katika ofisi ya wakazi ya mji, inayoitwa Bürgeramt au Bürgerbüro kutegemea mahali, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Zoezi lenyewe linaitwa Anmeldung, na neno hili utalisikia kabla hujajifunza kusema asante vizuri. Ukishajiandikisha, ofisi ya kodi ya taifa inakutumia kwa posta namba ya tarakimu 11 ambayo mwajiri anaihitaji ili akukate kodi sawasawa. Karatasi ya Anmeldung mara nyingi ndiyo inayotakiwa na benki, na ofisi ya wageni inaitaka ili ikupe kibali cha ukaazi. Kadi ya bima ya afya nayo inakuja kwa posta kwenye anwani hiyo. Ni mnyororo, na pete ya kwanza ni chumba.

Lakini si chumba chochote. Ili ujiandikishe, mwenye nyumba lazima akusainie fomu inayothibitisha kwamba umehamia kwake, jina lake refu Wohnungsgeberbestätigung. Hosteli ya watalii haikupi hiyo. Chumba cha rafiki wa rafiki ambaye mwenyewe amepanga kimyakimya bila ruhusa hakikupi pia, kwa sababu rafiki anaogopa. Watu hulala hivyo miezi miwili wakijiona wameokoa pango, kumbe kila wiki inayopita inausogeza mshahara wao mbali. Kabla ya kuuliza bei, uliza: naweza kujiandikisha hapa? Kwenye matangazo tafuta maneno Anmeldung möglich. Yakikosekana, uliza kwa maandishi.

Pa kuanzia ni kwa mwajiri wako. Hospitali nyingi na baadhi ya kampuni zina mabweni ya wafanyakazi au ya wanafunzi wa kazi, na mara nyingi hazitangazi, zinangoja uulize. Andika barua pepe ukiwa bado nyumbani, mara tu unapopata mkataba, na kama hawajibu wiki ya kwanza andika tena. Wajerumani hawaoni kero mtu akiuliza mara mbili. Wanachokiona kero ni kuuliza siku ya mwisho. Kama kwa mwajiri hakuna kitu, miji mingi ina nyumba za Kolping, za jumuiya yenye asili ya Kikatoliki, zinazopangisha vijana walioko kwenye mafunzo ya kazi bila kujali dini. Kisha kuna vyumba vya kushirikiana, kila mtu na chumba chake na jiko la pamoja, vinavyoitwa WG. Mimi niliangukia huko.

Matapeli nao wako huko huko. Wanajua unatafuta ukiwa mbali, wanajua una haraka. Picha ni nzuri mno kwa bei ile, mwenye nyumba yuko nje ya nchi kikazi, ufunguo atautuma kwa posta ukishalipa amana. Ukisikia habari ya ufunguo wa posta, funga mazungumzo. Usitume pesa kwa nyumba ambayo wewe au mtu wako hajaingia ndani yake. Kama huna mtu, omba kuoneshwa kwa simu ya video, mlango wa nje, ngazi, dirisha na mtaa unaoonekana dirishani, na hata hapo lipa ukifika tu.

Bei nayo ina mitego yake. Kaltmiete ni pango tupu. Warmmiete ni pango pamoja na maji, takataka na kawaida joto la nyumba. Umeme mara nyingi hauhesabiwi humo, na intaneti pia. Ukiona nyumba nzima kwa bei ya kuvutia, uliza kama kuna jiko, maana kule mtu anaweza kuhama na makabati, sinki na jiko lake akuachie mabomba yanayochungulia ukutani. Mara ya kwanza nilidhani nyumba ile imeibiwa.

Amana ndiyo inayowavunja wengi. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai hadi pango tupu la miezi mitatu. Hakuna atakayekwambia, kwa hiyo nakwambia mimi: sheria inakupa haki ya kuilipa kwa awamu tatu sawa, ya kwanza unapoanza kupanga na mbili zinazobaki pamoja na pango la miezi inayofuata. Hii si huruma ya mwenye nyumba. Imeandikwa katika kitabu chao cha sheria ya madai. Mwambie kwa heshima kwamba utalipa kwa awamu. Wangu alinyanyua nyusi, akasema sawa.

Hesabu yangu basi ilikuwa hii. Nilifika Leipzig na yuro 1,150. Chumba kilikuwa 320 na kila kitu ndani, amana 600. Nusu ya Agosti ilikula 160, Septemba 320, awamu mbili za amana 400. Jumla 880. Nikabaki na 270 na wiki sita na nusu za kuishi. Tiketi ya mwezi ya Septemba ilikuwa 49. Ndiyo ile Deutschlandticket ya nchi nzima, inayokupandisha mabasi, tramu na treni za mikoa, ingawa si za kasi. Ilipanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Agosti nilitembea kwa miguu, na sikuthubutu kudandia tramu bila tiketi, maana faini yake ni yuro 60. Laini ya simu ya kulipia kabla, 10. Shuka, blanketi, sufuria moja, mwiko, sahani na kisu, 28. Chakula, yuro 25 kwa wiki. Mwisho wa hesabu zilibaki takriban yuro 20 za dharura.

Utaona godoro halimo. Chumba kilikuwa na kitanda kitupu cha mbao, nikalala wiki tatu juu ya nguo zangu zote nilizozitandika, mpaka mwenzangu wa nyumba akaona tangazo la mtu wa mtaa wa pili anayetoa godoro bure. Kule watu hutoa vitu. Kuna sehemu nzima ya matangazo ya zu verschenken, yaani vya kugawa, kwenye mtandao wa Kleinanzeigen, na jioni utaona boksi mbele ya nyumba lenye vikombe, vitabu na taa ya meza, limeandikwa maneno hayo hayo. Ndani ya miezi miwili nilipata meza, kiti, pasi na sufuria ya pili. Kuna pia maduka ya misaada yanayoitwa Sozialkaufhaus, yenye samani na nguo zilizotumika. Ukizishika nguo zile utacheka peke yako: ni mitumba ile ile ya masoko ya Karume na Gikomba, ila hapa bado haijapanda meli.

Kwa hiyo wiki za kwanza usinunue kitu cha kukaa nacho. Nunua cha kula na cha kujifunika. Usisaini mkataba wa simu wa miezi 24 hata kama wanakupa simu yenyewe, usisaini wa mazoezi ya viungo, usisaini chochote ambacho kijana wa dukani anakuharakishia kalamu. Laini za kulipia kabla zinauzwa hata kwenye maduka ya vyakula ya bei nafuu; utahitaji pasipoti tu ili isajiliwe.

Nirudi kwenye sanduku la barua. Mji ule unaishi kwa barua. Ukihamia chumba chako, siku hiyo hiyo, kabla hujapika, andika jina lako la ukoo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Mpeleka barua asipoliona jina haulizi majirani. Anairudisha barua ilikotoka. Mimi nilidhani jina la mwenye chumba linatosha. Namba yangu ya kodi ilikuja, ikarudi, na mimi nikabaki ninangoja kama mtu anayengoja basi kwenye kituo kilichohamishwa. Namba ile hawakupi kwa simu wala kwa barua pepe. Unaomba upya na inatumwa tena kwa posta. Mwajiri akikaa bila namba anaweza kukukata kwa daraja la sita la kodi, lile kali kuliko yote. Ndivyo mshahara wangu wa kwanza ulivyokatwa. Pesa ile hurudi baadaye, mhasibu akirekebisha au wewe ukijaza taarifa ya kodi ya mwaka, lakini "baadaye" hailipi pango la Oktoba, ambalo sheria inataka liwe limelipwa kufikia siku ya tatu ya kazi ya mwezi.

Miadi ya Bürgeramt katika miji mikubwa hujaa. Jaribu kuipata mtandaoni hata kabla hujasafiri kama tarehe ya kuhamia unaijua, na ukikosa, fungua ukurasa asubuhi mapema, maana miadi iliyofutwa hurudishwa. Hifadhi uthibitisho wa miadi uliyoipata. Unaonesha kwamba hukukaa bure. Kuhusu ofisi ya wageni, angalia viza yako ya kuingilia inaisha lini, omba miadi mapema, lakini usilipe kitu kabla ya wakati wake. Kadi ya ukaazi inagharimu hadi yuro 100, na kama viza yako ina miezi kadhaa mbele, gharama hiyo inaweza kungoja mshahara.

Benki ikikukatalia, usikate tamaa wala usimkasirikie karani. Tangu 2016 kuna sheria inayompa kila mkaazi halali haki ya akaunti ya msingi, Basiskonto. Omba kwa jina hilo, kwa fomu yake. Angalia tu ada ya mwezi, zinatofautiana sana. Bima ya afya nayo ni lazima, na kwa mtu aliyeajiriwa mchango hukatwa kwenye mshahara, nusu wewe nusu mwajiri, kwa hiyo mchango huo huutoi mfukoni kabla ya kazi kuanza. Chagua mfuko wowote wa umma na umpe mwajiri jina lake mapema.

Barua moja itakushtua. Itakudai ada ya redio na televisheni, na utadhani ni utapeli kwa sababu huna redio wala televisheni. Si utapeli. Kiwango kilichowekwa Agosti 2021 ni yuro 18.36 kwa mwezi, kwa kila nyumba na si kwa kila kichwa. Kama unakaa na wenzako na mmoja wao tayari analipa, wajibu kwa namba yake na mgawane.

Chakula. Nilikuwa na jirani, mama mmoja mtu mzima wa Lubumbashi, ambaye Kiswahili chake kilinifanya nitege masikio mwanzoni. Pesa yeye huita feza, na feza yangu aliihurumia kuliko mimi mwenyewe. Alinichukua Jumamosi mbili mfululizo tukazunguka, na kwa siku hizo mbili nilijifunza zaidi ya nilichosoma miezi sita. Mchele, mayai, mafuta, maharage ya kopo na vitunguu ni kwenye maduka ya bei nafuu, Aldi, Lidl, Netto, Penny. Bamia, kotmiri, dengu na nyama ya halali ni kwa Waturuki. Mihogo, ndizi za kupika na unga mweupe wa mahindi ni kwenye duka la Kiafrika, na hapo ununue unga tu, maana vingine vina bei ya kumbukumbu ya nyumbani. Mchicha ni adimu, lakini spinachi ya majani iliyogandishwa ni rahisi mwaka mzima. Soma pakiti: ikiandikwa Rahm ina krimu ndani, na ukiiunga kwa nazi utashangaa ulichopika. Baridi ikianza inakuja Grünkohl, ambayo mtu wa Nairobi akiiona atasema sukuma wiki imemfuata. Kwa wasiokula nguruwe, neno la kuogopa ni Schwein, na Schmalz pia, ambayo mara nyingi ni mafuta yake na hujificha kwenye vitu usivyotegemea.

Maji ya bomba yananyweka. Kununua maji ya chupa ukiwa na pesa ya kuhesabu ni kumwaga unga njiani. Ukinunua kinywaji, chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo lina amana ya senti 25 ndani ya bei. Irudishe kwenye mashine dukani na utapewa risiti ya kuitoa kwenye bili. Wiki ya kwanza nilizitupa nane. Mama wa Lubumbashi alipoziona kwenye pipa alizitoa bila kusema neno, akaziosha, akanipa mkononi yuro mbili zangu.

Jambo la nyumbani ni gumu kuliko Bürgeramt. Ndege haijatua vizuri, kundi la ukoo kwenye simu limeanza: mchango wa harusi ya binamu, bati za msikiti, dawa za babu. Wao hawana kosa. Wamechanga uende, na kwao Ulaya inaanza uwanja wa ndege. Ukituma yuro 50 wiki ya pili ili usionekane umebadilika, umetuma wiki mbili za chakula chako, na mbaya zaidi umeweka kiwango. Nilichofanya, na ningefanya tena, ni kumtafuta mtu mmoja ambaye neno lake linasikika, nikamweleza yote, hesabu kwa hesabu. Kwetu mtu huyo ni shangazi. Nilimpigia siku ya nne.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama? Unakula?"

Nikamwambia ninakula, nikamwambia na ile hesabu ya 270, na kwamba hadi Oktoba sina cha kutuma, na baada ya Oktoba nitatuma kidogo kila mwezi, kiasi kile kile, kwake yeye, naye ajue kigawanywe vipi. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kuku wake.

"Basi nitawaambia umekwenda shule, hukwenda mgodini," akasema. Kundi likatulia. Si kabisa, lakini likatulia.

Kama ulikopa kuja, mpe mkopeshaji tarehe ya kweli na si ya kumfurahisha. Na ukibanwa kabisa kule kule, mwombe mwajiri malipo ya awali kabla ya siku ya mshahara. Neno lake ni Vorschuss. Wengine watakataa, wengine watakupa mia mbili au tatu bila maneno mengi na kuzikata polepole. Ombi hili haliandikwi kwenye jalada la aibu.

Nilisema nilibakiwa na yuro 20 za dharura. Dharura ilikuja wiki ya tano, Jumapili jioni, nilipotoka na kandambili kupeleka takataka. Milango ya kule, nje haina mpini wa kuzungusha. Ukiisukuma nyuma yako imejifunga, na ufunguo wangu ulikuwa mezani. Kumwita fundi wa vitasa siku kama ile kunaweza kukugharimu zaidi ya yuro 100, na wako wanaodai mara tatu yake wakiona mgeni anatetemeka. Nilikaa kwenye ngazi kwa muda wa saa nne hadi mwenzangu akarudi kutoka kazini. Kesho yake nilimpa mama wa Lubumbashi ufunguo wa akiba. Mwezi uliofuata nilikata bima ya madhara kwa watu wengine, Haftpflicht, inayogharimu yuro chache kwa mwezi, nikahakikisha inahusisha na kupoteza funguo, kwa sababu ufunguo mmoja wa jengo zima ukipotea huenda ukalazimika kulipia vitasa vyote.

Kuna msaada ambao wageni wengi hawaujui mpaka wamezama. Mashirika kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu wa Ujerumani yana ofisi za ushauri kwa wahamiaji, bure, zinazolipiwa na serikali. Kwa watu wazima zinaitwa MBE. Ukiwa chini ya miaka 27 uliza Jugendmigrationsdienst. Peleka barua usizozielewa zikiwa kwenye mfuko, hata zote kwa pamoja. Mshauri wangu alizipanga mezani kama karata, akatenga tatu za kujibu wiki ile na zilizobaki akasema ni matangazo. Ningeenda wiki ya kwanza badala ya ya sita, namba yangu ya kodi isingepotea.

Siku mshahara wa kwanza unapoingia, usianze na duka. Anza na hati ya mshahara yenyewe. Tafuta daraja la kodi, limeandikwa kwa namba. Kama ni sita na kazi unayo moja tu, mwandikie mhasibu siku hiyo hiyo. Angalia kama jina la mfuko wa bima ni la ule uliouchagua. Kisha lipa pango, lipa awamu ya mwisho ya amana, tenga tiketi. Kwa hospitali za umma, mshahara wa mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi ulikuwa takriban yuro 1,340 kabla ya makato mwaka 2024, wangu wa mwaka uliotangulia ulikuwa chini ya hapo, kwa hiyo usitegemee utajiri, tegemea kupumua.

Nilipomaliza kulipa vyote hivyo nilibakiwa na cha kununulia koti, na Oktoba ilikuwa imeshaanza kuuma asubuhi. Nilikwenda kwenye Sozialkaufhaus na mama wa Lubumbashi. Tulijaribu makoti sita. Moja lilikuwa zuri sana, la bluu, lakini niliacha nikachukua la kahawia lenye kola iliyochakaa, kwa sababu lilikuwa na mfuko wa ndani wenye zipu, unaotosha ufunguo.